Upande wa Baridi

Mwanangu Parfait ana roho nzuri, na roho yake nzuri ndiyo iliyonifungia ndani. Ningekuwa na mtoto mbaya ningeshaondoka zamani. Mtoto mbaya unamtukana, unabeba furushi lako, unakwenda zako, na majirani wote wanakupa haki. Lakini huyu ananiletea chai kitandani. Ananiuliza nimelalaje. Ananifunika miguu kwa blanketi huku nikinywa hiyo chai. Utamtukana kwa lipi?

Jina langu ni Honorine. Maisha yangu yote nimeishi Bukavu, Kongo, mtaa wa Nguba, karibu na mto. Nilikuwa navuka daraja la Rusizi asubuhi na vikwembe, vitenge vyetu, kichwani kuja kuviuza Kamembe, upande wa Rwanda, na jioni narudi kwangu na beseni la nyanya na vitunguu. Risasi zilipoingia mjini kwetu, Parfait, ambaye ameoa na kujenga huku Kamembe, alikuja kunichukua.

"Wiki moja tu, Maman," alisema. "Paka bintu bitulie."

Nikampa funguo jirani yangu Charlotte, awe analala kwangu ili nyumba isionekane haina mtu. Mvua zikaisha, kiangazi kikapita, mvua zikarudi, na mimi bado nilikuwa nangoja vitu vitulie. Daraja linafunguliwa kila asubuhi. Wenzangu wa biashara wanavuka, nawasikia kwenye simu wakicheka na kugombania foleni. Mimi kadi yangu ya uraia na jeton, kile kikaratasi cha kuvukia, Parfait alivichukua siku ile ya kwanza "bisipotee", akavitia ndani ya mfuko wake wa kazi, na mfuko huo anautoa begani akilala tu.

Nikimwomba hanikatalii. Mtoto wa Kishi, kabila letu, hamwambii mama yake hapana, na Parfait nilimlea vizuri, kosa langu hilo. Anasema, "Tutaona, Maman." Ile tutaona ni hapana iliyovaa tai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nililiomba jembe nikanyimwa. Mkwe wangu Tumukunde, Mnyarwanda mpole mwenye sauti ya kanisani, haniachi nishike hata mwiko. Nikiinua ufagio anaupokea kwa mikono miwili kama vile nimempa zawadi. Mama mkwe kufagia nyumbani kwake, majirani watasema nini? Basi nilikaa. Nilikaa mpaka kitanda kikanijua.

Halafu wakaja kobe.

Parfait ni fundi wa umeme, na kazi yake kubwa ni kutengeneza mashine za kuangulia vifaranga, zile tunazoita kuvezi. Wafugaji wa kuku kutoka hapa Kamembe mpaka Muganza wanamjua. Kuvezi zake zinasifiwa kwa jambo moja: joto ni lile lile kila kona. Kuna mafundi ambao mayai yao ya pembeni yanaoza kwa baridi huku ya katikati yakiangua. Ya Parfait yanaangua yote. Anaweza kulizungumzia joto la kona jioni nzima, na Tumukunde akamsikiliza jioni nzima, na hapo ndipo nilipojua kwamba anampenda kweli.

Sasa huko Muganza, kwenye machimbo ya mawe, mashine ilipindua udongo ikawafukua kobe wawili wachanga, kila mmoja kama kiberiti. Byiringiro, dereva wa lori la mawe, aliwaokota akamletea Parfait ndani ya kofia.

"Weye njo muntu ya batoto ya mayai," alimwambia. "Angalia aba."

Tumukunde alipowaona alishika mashavu. "Utunyamasyo!" akasema kwa Kinyarwanda chake, yaani vikobe, na nilimwona anavyowabeba. Wale hawajapata mtoto bado. Mimi siulizi, na kwa kutouliza huko peke yake nastahili mbingu.

"Batakaa hapa paka magamba ikomae," Parfait akaamua. "Kunguru na imbwa bisibaweze. Kisha nitabarudisha ku Muganza."

"Siku gani?" nikamuuliza.

"Tutaona, Maman."

Nikawaangalia wale kobe. Karibuni, nikawaambia moyoni.

Muganza ni bondeni, jua lake linachoma, mpunga unaota kwa furaha. Kamembe tuko juu, upepo wa ziwa unapanda, na msimu wa mvua hata mtu mzima anatafuta sweta. Kobe mchanga wa bondeni akiletwa huku bila joto anaganda, hali, anakufa. Kwa hiyo Parfait akawajengea. Alichukua kabati la zamani la nguo, akalilaza chali, akaweka kioo juu. Taa ya joto upande huu, taa ya joto upande ule. Chini ya udongo akapitisha waya unaopata moto. Akafunga kifeni kidogo, kile cha kuvezi, cha kuzungusha hewa ili joto lisijifiche mahali. Katikati akatundika mwanga mrefu mweupe aliouagiza Kigali, kwa sababu kobe asipopata mwanga wa namna ya jua gamba lake linalainika kama mkate kwenye chai. Kila kona akabandika kipimajoto. Siku alipomaliza alituita tuvisome. Vyote vilisema namba moja.

"Munaona?" alisema, na uso wake uling'aa kuliko taa. "Hakuna kona ya baridi. Hata moja!"

Kabati likawekwa chumbani kwangu, maana ndicho chumba kisicho na upepo. Na ili upepo usipate wazo la kuingia, akafunika dirisha kwa plastiki akaipigilia misumari.

"Ni muzuri hata kwa kifua yako, Maman."

Nilikuwa nimekohoa. Mara moja. Pilipili ilinipalia.

Basi tukawa watatu. Taa hazikuzimwa kamwe, kwani kuvezi hailali. Nililala nimegeukia ukuta, kikwembe kichwani, na bado mwanga ulinikuta ndani ya macho. Asubuhi midomo ilikuwa imekauka na shingo imelowa jasho. Nikilalamika, Parfait alileta glasi ya maji. Nikisema nataka hewa, alisema hewa ipo, kifeni kinaizungusha.

Kobe niliwapa majina, maana huwezi kulala chumba kimoja na watu usiowajua. Mmoja nilimwita Duwani, kwa sababu alifungua mdomo kila alipoona mkono, sawasawa na watu wa forodha. Mwingine nikamwita Pasteri, ana shingo ya mikunjo na anakuangalia muda mrefu kabla ya kukufanyia kitu. Mwanzoni walikula majani ya lengalenga na vipande vya kabichi. Halafu wakaanza kukwaruza.

Walikwaruza kioo. Kwaru, kwaru, kwaru. Walipanda kwenye kona, wakaanguka chali, wakajigeuza, wakaenda kona nyingine, wakapanda. Kutwa nzima. Parfait alisema ni mazoezi, dalili ya afya. Mimi nilinyamaza, kwa sababu saa hizo hizo nilikuwa nimesimama dirishani nimebandika pua kwenye plastiki, najaribu kuona barabara. Nilikuwa nataka tu kuona akina mama wakishuka Cyangugu, kule chini penye daraja, na mabeseni. Plastiki ilionyesha rangi tu, nyekundu inapita, kijani inapita.

Jumapili walinitoa. Hiyo ilikuwa siku yangu ya jua: misa huko chini Cyangugu, mimi katikati, Parfait mkono huu, Tumukunde mkono ule. Nje ya kanisa ukisimama vizuri unaona ng'ambo ya maji, na mimi nilijua pa kusimama. Mabati ya nyumba yangu ni yale yenye kiraka chekundu, Muderhwa mume wangu alikitia mwenyewe miaka ile akiwa hai, kwa sababu mabati ya rangi moja hakuyapata. Nilikuwa nakiangalia kiraka kile mpaka Parfait anasema, "Tuende, Maman, kuko upepo." Nilikuwa karibu sana hata ningepiga kelele Charlotte angegeuka. Na nilirudishwa juu Kamembe kama sahani inayorudishwa kabatini.

Charlotte alipiga simu siku ya Jumatatu.

"Maman Parfait, samedi niko naenda Uvira. Mutoto yangu alizala. Sijue nitarudia siku gani."

"Na nyumba?"

"Njo maana niko nakuita. Ukuye kulala hapa. Bale bantu ba pale nyuma balishaanza kuuliza kama iko na mwenyewe. Minabajibu iko. Kama minaenda, bataona haiko na mwenyewe."

Tunajua mambo hayo yanavyokwenda. Nyumba tupu Nguba haikai tupu. Ataingia mtu na familia yake, atasema alipewa na mkubwa fulani, na kumtoa itabidi uzaliwe tena. Ile nyumba ndiyo kitu pekee duniani ambacho ni changu na si cha mtu anayenipenda. Nilitaka kulala ndani yake. Sikutaka kingine.

Jioni nilimwambia Parfait habari ya Jumamosi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, anasoma vipimajoto.

"Samedi lazima niwe kule. Nipe kadi yangu."

"Tutaona, Maman."

"Apana. Leo sitaki tutaona. Sema ndiyo, sema apana."

Alifuta kioo kwa mkono wa shati, pale ambapo palikuwa pasafi tayari. "Nyumba ni ukuta tu, Maman. Hapa uko na nyumba. Kuko kintu unakosa? Uniambie, minaleta leo leo."

Nikamtazama mwanangu, mtu mzima mwenye mvi mbili utosini, na kwa mara ya kwanza nilimchukia. Haikudumu, lakini ilikuja, na iliniogopesha. Nikageukia ukuta, nikavuta kikwembe. Yeye akanifunika miguu.

Katikati ya wiki ile Pasteri aliacha kula. Macho yake yalivimba yakafumba, ngozi ya shingo ikawa kama karatasi. Duwani naye alipunguza. Sasa hapakuwa na kukwaruza tena, na niliona kwamba kelele ile ilikuwa afadhali. Mimi sikujua dawa. Nilisali rozari juu ya kioo. Nikampa Pasteri sambaza mkavu, dagaa wa ziwa letu, nikifikiri kila kiumbe wa huku anapenda sambaza, alimgeuzia mgongo. Tumukunde alilia jikoni akidhani simsikii.

Parfait aligusa gamba, akasema baridi inawaingia kutoka mahali. Akaongeza joto.

Kesho yake Pasteri hakutoa hata kichwa. Ndipo Parfait alipompigia daktari wa mifugo wa Kigali anayeitwa Shema, rafiki wa yule aliyemuuzia mwanga mweupe. Aliweka simu kwenye kitanda changu, kipaza sauti kimefunguliwa, ili mikono yake miwili imshike mgonjwa. Waliongea Kinyarwanda na Kifaransa kikiingia hapa na pale, lakini mimi sikuuza Kamembe miaka yote hiyo bila masikio.

Daktari aliuliza joto. Parfait akampa namba kwa fahari.

"Hapo ndipo penye joto zaidi?"

"Ni kote, docteur. Kona zote."

"Na upande wa baridi uko wapi?"

"Hakuna upande wa baridi," Parfait akasema. "Niliumaliza wote."

Daktari akaligeukia jambo jingine.

"Usiku taa unazima?"

"Sizimi. Kuvezi haizimwi."

"Kuvezi," yule daktari akarudia, na nikasikia anajizuia kucheka. "Ndugu yangu, umewatia kobe kwenye mashine ya mayai?"

Akamweleza, taratibu, bila dharau. Kobe hana joto lake mwenyewe. Analitafuta kwa kutembea. Akihisi baridi anakwenda chini ya taa. Akishiba joto anakwenda kivulini. Jioni giza likiingia anapoa na kulala. Ukimpa joto sawa kila mahali hana pa kwenda. Anapanda kona akitafuta mlango. Akichoka anafumba macho, anakauka kutoka ndani. "Yai unalichagulia," daktari akasema, "kwa sababu yai halina miguu."

Mwanangu alibaki na kobe mkononi. Nilimhurumia, Mungu ananiona. Mtu aibiwe pesa, aibiwe mke, lakini asiambiwe kwamba kile anachokijua kuliko wote ndicho kinachoua.

Lakini Parfait si mtu wa kununa. Mchana ule ule alifungua kabati. Aling'oa kifeni. Akang'oa waya wa chini na taa ya upande wa mlangoni. Akaacha taa moja ya joto upande wa dirisha, na chini yake akaweka jiwe bapa. Akasogeza mwanga mweupe ukae karibu nayo. Upande wa pili akaegemeza kigae cha paa kilichovunjika kiwe kivuli, akalowesha udongo wake, akaweka kisahani cha maji. Katikati hakuweka kitu, njia tu. Akafunga swichi inayojizima yenyewe jua likizama. Kisha akang'oa misumari ya dirisha, plastiki ikaanguka, na upepo wa ziwa ukaingia chumbani kwangu bila kupiga hodi. Nilisimama mbele yake nikafumba macho. Hakuna aliyeniambia nijifunike.

Pasteri aliwekwa kwenye kisahani cha maji vuguvugu. Alikunywa muda mrefu. Kisha akajikokota chini ya kigae, akajizika nusu, akabaki huko. Jioni taa zilizimika na mimi nikalala, usingizi wa giza, wa kwanza tangu kabati liingie.

Asubuhi ya Ijumaa Parfait alikuja bila chai. Alikaa sakafuni mbele ya kioo. Taa ilikuwa imewaka, Duwani alikuwa ameshapanda juu ya jiwe, miguu ameinyoosha kama mkubwa. Pasteri alitoa kichwa chini ya kigae. Akafungua jicho moja. Akaanza kutembea, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, akaipita ile njia ya katikati, akafika penye mwanga, akasimama.

"Angalia, Maman!" Parfait alinishika mkono kama alivyokuwa akinishika utotoni. "Anaenda yee mwenyewe! Hakuna muntu alimusukuma!"

"Niko naona."

"Docteur alisema kweli. Ukimuchagulia, unamupika. Anapashwa kuwa na pande mbili, ajichagulie. Yai njo haina miguu."

"Rudilia."

"Nini?"

"Ile ya yai. Rudilia, nisikie muzuri."

"Yai haina miguu, Maman. Kobe iko na..."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu.

"Na miye, Parfait?" nikamuuliza. "Miye niko yai?"

Alitazama sakafu, na nilidhani itakuja ile tutaona, nilishaanza kuingoja. Badala yake akageukia upande wa ziwa.

"Papa alikufa mu ile nyumba," alisema.

"Ninajua. Miye njo nilimufunga macho."

"Miye nilikuwa ku barrière ya Rusizi, Maman. Uliniita jioni, ukaniambia Papa anashindwa kupumua. Nikakimbia, nikakuta balishafunga. Nilibaomba, nilipiga magoti. Nilikuwa naona mabati. Ile kiraka nilikuwa naiona! Nikabakia pale na simu ku masikio, niko nasikia unalia, na sikuvuka." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Sitasimama pale tena. Sitaweza."

Kumbe mimi siku zote nilikuwa nimejiona mfungwa peke yangu. Nilimvuta kichwa nikakilaza mapajani, huyo mtu mzima, na kobe wakituangalia.

"Papa hakufa peke yake," nilimwambia. "Alikuwa mu kitanda yake, na mukono yangu. Alikuita jina, akauliza kama ulikula. Kisha akalala. Ni kifo muzuri, Parfait. Bantu banaiomba kwa Mungu. Miye pia naiomba, lakini haraka siko nayo. Kwanza nataka kuishi mu kitanda yangu. Unipende na miguu yangu."

Akainuka akaenda kazini. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mfuko ulikuwa begani. Siku ile niliimaliza nimekaa mkabala na kabati. Sikumpigia Charlotte, maana sikujua nimwambie nini. Tumukunde aliingia na sahani ya wali, akanikuta nimefunga furushi langu na kulifungua, nimelifunga na kulifungua. Aliketi kando yangu.

"Maman, miye nitakosa mwenye kuongea naye," alisema. Kisha akachukua zile nguo, akazikunja upya kwa namna yake nadhifu, akalifunga furushi mwenyewe. Fundo lilikuwa la kusafiria.

Jumamosi asubuhi Parfait alisimama mlangoni. Hakuwa na mfuko. Kadi yangu na jeton vilikuwa mkononi, vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni.

"Nitakupeleka paka ku barrière," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Tulishuka Cyangugu. Kwenye foleni ya Rusizi akina mama waliponiona wakapiga kelele hata askari akageuka. "Maman Parfait! Weye haukukufa?" Mmoja alisema walishanifanyia maombi. Mwingine alinipiga begani kwa nguvu ya furaha, akaniuliza huko nilikokuwa walinilisha nini mpaka nikanenepa hivi. Nikawaambia nilikuwa kwenye kuvezi. Wakacheka bila kuelewa, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Nilivuka. Daraja lilikuwa lile lile na mto ulikuwa na haraka yake ile ile. Upande wa pili niligeuka. Alikuwa amesimama pale kwenye kizuizi, mikono imening'inia, mahali ambapo nadhani alisimama siku ile. Nikapunga mkono. Akachelewa kidogo, halafu naye akapunga.

Charlotte alikuwa ameketi kwenye mizigo yake mlangoni. Alinikumbatia, akanipa funguo, akaniambia paa linavuja jikoni na panya wamekuwa wengi, akakimbilia gari. Wale watu wa nyuma walitoka kuniangalia. Niliwasalimia kwa sauti kubwa, nikawataja majina, nikawauliza habari za watoto mmoja mmoja, ili wajue kwamba mwenyewe amerudi na mdomo wake. Kisha nikaingia ndani na kufunga mlango. Kwa mkono wangu.

Nyumba ilikuwa baridi. Umeme haukuwepo, mashuka yana unyevu, na ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa umeota ukungu. Nilifagia. Hakuna aliyenipokonya ufagio. Nikawasha mbabula, jiko langu la makaa, nikapika ugali wangu, nikaula nimesimama, kwa sababu nilijisikia kusimama. Giza lilipoanza kuingia niliketi kitandani, upande wangu, vikwembe viwili mabegani, na meno yanagongana.

Simu ikalia.

"Maman. Kuko baridi?"

"Kuko baridi mingi," nilisema, na sijawahi kusema neno kwa raha kama lile.

"Uko na blanketi?"

"Niko nayo."

"Umekula?"

Nikakumbuka baba yake. "Nimekula. Pasteri je?"

"Amekula kabichi. Sasa taa ilizimika, beko nalala." Nilisikia anapumua, karibu kabisa na sikio langu. "Maman, utarudia siku gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililitunza mvua mpaka mvua, nikalinoa, nikilala nimegeukia ukuta nililirudia kimoyomoyo nione litakavyomchoma siku nitakapomrudishia. Tutaona, mwanangu. Lilikuwa pale kwenye ulimi, tayari. Nje dirishani, ng'ambo ya maji, taa za Kamembe zilikuwa zinawaka juu ya mlima, na mojawapo, sijui ipi, mwanangu alikuwa amesimama chini yake.

Nikalimeza.

"Mardi," nikamwambia, Jumanne hiyo inayokuja. "Mardi asubui nitakuya, nilale usiku moja, kisha nirudie kwangu. Miye mwenyewe, na miguu yangu. Usikuye kunichukua."

"Mardi kweli?"

"Kweli. Na ile kitanda yangu muisogeze karibu na dirisha."